Usiku wa Vijana wa Zamani

Bendi ya kopi usiipime harusini. Harusini kila mtu ana lake: kamati inahesabu kreti za soda, mama wa bwana harusi anamtafutia dada yake kiti cha mbele, watoto wanateleza sakafuni kwa magoti. Mwimbaji akiruka ubeti mzima wa Marijani Rajab hakuna atakayejua, na atakayejua atanyamaza, maana hajamaliza mchango wake. Bendi ya kopi ipeleke mbele ya watu waliozicheza nyimbo hizo zilipokuwa mpya. Hapo ndipo utamwona mpiga gitaa mwenye kipaji chake akilowa jasho kabla hajagusa waya, kwa sababu ukumbi mzima ni wasahihishaji, wote wamevaa miwani, na hakuna aliyekuja bila majibu.

Mimi nilifikishwa huko na shangazi yangu. Gari lilikuwa langu, amri ilikuwa yake. Shangazi ni muuguzi mstaafu, ana miaka sabini na ushee, na tangu nimjue hajawahi kuomba kitu. Huwa anatoa taarifa.

"Jumamosi unatupeleka kwenye zilipendwa," aliniambia kwa simu. "Kuna vijana wanapiga nyimbo zote: za Sikinde, za Msondo, za Mbaraka, za Maneti. Vaa viatu vya kuchezea. Hizo raba zako ziache huko huko."

Niliuliza hao "sisi" ni akina nani. Akasema yeye na wenzake wawili. Jumamosi ilipofika, wenzake wawili walikuwa watatu, kila mmoja na mto wake wa kukalia, na mmoja amebeba chupa ya chai ya tangawizi inayotosha msiba. Tangazo lilisema muziki ni saa mbili usiku. Shangazi alitaka tutoke nyumbani saa kumi na moja jioni. Nilipojaribu kuuliza sababu, alinijibu kwa neno moja: "Meza."

Alijua anachosema. Tulipoingia kwenye ukumbi wenyewe, Kinondoni, jua likiwa bado linaonekana, nusu ya viti ilikuwa imekwisha kaliwa. Wanamuziki hawajafika. Kijana mmoja wa mitambo alikuwa anaburuta nyaya, na kila waya aliouburuta ulifuatwa na macho ya wazee waliokuwa na maoni juu ya mahali pa kuuweka. Viti vitupu vilikuwa vimefunikwa khanga, alama kwamba mwenyewe yuko njiani. Mhudumu alipita akiuliza, "Baridi au ya moto?" na kila meza ikajibu ya moto. Sijui friji za ukumbi ule huwa zinawashwa kwa ajili ya nani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shikamoo. Mtu wa miaka thelathini na minne akiingia mahali ambapo wengine wote wamemzidi miaka thelathini, hawezi kutembea hatua tatu bila kusimama na kuinamisha kichwa. Nilitoa shikamoo mlangoni, nikatoa kwa meza ya kwanza mmoja mmoja, nikatoa kwa mzee aliyekuwa anatoka msalani na ikabidi nimpe tena aliporudi kwa sababu hakunisikia. Nilipofika kati nikaona nifupishe, nikapaza sauti: "Shikamooni wote!" Ikajibiwa marahaba ya ukumbi mzima, nzito, ya kutikisa mabati. Bwana mmoja wa makamo ndiye pekee aliyekasirika. Alinivuta shati akaninong'oneza, "Kijana, usinizeeshe. Mimi nimekuja kumleta mama."

Sikujua kwamba ukumbi una pande. Kushoto kwa jukwaa wanakaa wa Msondo, kulia wanakaa wa Sikinde, na hakuna kibao kinachosema hivyo. Waliokulia Dar es Salaam miaka ya themanini hawahitaji kibao. Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, ilipoanzishwa mwaka 1978, iliondoka na baadhi ya watu wa bendi ya wafanyakazi, yaani Msondo, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye alikuwa huko tangu 1964. Tangu siku hiyo mji ukagawanyika, na watu waliotaka amani katika ndoa walianza kwa kuulizana bendi kabla ya kuulizana dini. Shangazi ni Sikinde. Mmoja wa wenzake ni Msondo, na wamekuwa marafiki kwa zaidi ya miaka arobaini kwa makubaliano kwamba ndani ya gari jambo hilo halizungumzwi. Tulipoingia ukumbini waliagana kwa heshima, kila mmoja akaenda upande wake.

Na hapo niligundua namna ya kukisia umri wa mtu bila kumuuliza. Bendi ya wafanyakazi ilibadilika jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika. Anayeiita NUTA Jazz alikuwa mtu mzima wakati wa Azimio la Arusha. Anayeiita JUWATA alianza kazi wakati wa foleni za sukari. Anayeiita OTTU ameoa katika miaka ya tisini. Anayeiita Msondo Ngoma, huyo hata shikamoo unaweza kumpa kwa kichwa tu. Bibi mmoja nyuma yetu, mwenye gauni la zambarau, aliiita NUTA usiku kucha, na kila alipoitaja wazee wa meza yake walikaa vizuri.

Hatimaye vijana wa bendi walipanda jukwaani. Walikuwa wamejiandaa, hilo lazima niseme. Suruali za bugaluu zenye miguu ya kufagia sakafu, mashati ya kola ndefu, nywele za bandia za kutuna, na chini raizoni, vile viatu vya soli nene vilivyotesa vifundo vya babu zetu. Mwimbaji wao alipiga hatua mbili, raizoni ya kulia ikanasa kwenye waya ule ule ambao wazee walisema usipite pale, akaja mbele mbio akakumbatia kipaza sauti. Ukumbi ulishangilia. Mzee wa jirani, aliyevaa pama jeusi na tai, alitikisa kichwa. "Sisi hizo tulikuwa tunakimbilia nazo basi la UDA," alisema.

Bibi wa gauni la zambarau hakucheka. Alikuwa anaitazama ile bugaluu kwa jicho la mtu anayedai fidia. Ndipo akatusimulia kwamba Operesheni Vijana ilipoanza, Januari 1969, vijana wa TANU walipokuwa wanasaka sketi fupi na suruali za kubana mitaani, yeye alikimbizwa Kariakoo mpaka akajificha kwenye duka la vitambaa, na mwenye duka akamfunga kitenge na kumtoza bei ya kitenge. "Mimi nilikimbizwa," alisema, akimnyooshea kidole mwimbaji, "na huyu analipwa!"

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Mlimani Park. Upande wa kulia ukasimama. Upande wa kushoto ukakunja mikono na kuagiza chips. Gitaa la solo lilikuwa safi, rizimu safi, besi inatembea inavyotakiwa. Kisha ikafika sehemu ya tarumbeta, na bendi haikuwa na tarumbeta. Ilikuwa na kinanda. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe, ikatoka sauti nyembamba, ya mluzi, sauti ambayo mimi nilidhani ni simu ya mtu.

Nilishuhudia ghadhabu ambayo sijaiona hata kwenye mkutano wa wapangaji. Mzee wa pama aliinuka. "Tarumbeta liko wapi?" Mtu akaitikia kutoka nyuma, "Na saksafoni!" Bendi ikaendelea, maskini, haina la kufanya. Basi ukumbi ukajitatulia. Tarumbeta za wimbo ule ziliporudi mara ya pili, wazee walizipuliza kwa midomo. Wote. Pa-paa, pa-pa-paaa! Upande mmoja ukashika sauti ya kwanza, wengine ya pili, na bibi mmoja mwembamba, ambaye tangu tufike alikuwa hajafungua kinywa isipokuwa kwa chai, alitoa saksafoni iliyonisimamisha nywele. Mpiga kinanda aliondoa mikono yake, akaikunja, akasikiliza. Kuanzia hapo hakuugusa tena ule mluzi. Kila zilipofika sehemu za tarumbeta aliwageukia wazee na kuwanyooshea mkono.

Wimbo wa pili ukawa wa Msondo na mambo yakageuka: kushoto kumesimama, kulia kumenuna. Shangazi alikaa na mikono kifuani, uso umefungwa. Nilichungulia chini ya meza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unacheza Msondo. Nilipomwangalia akaurudisha chini ya kiti, akaniambia ni ganzi.

Kati ya wimbo na wimbo kulikuwa na mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri na maandalizi haba. Aliwaita wazee "vijana wa zamani", wakafurahi. Kisha akataka tuwakumbuke waliotangulia, na hapo ndipo alipoharibu. Akamtaja Marijani Rajab, "aliyetutoka miaka ya themanini..." Hakumaliza. "Tisini na tano!" Ukumbi mzima, kushoto na kulia, kwa sauti moja. Akababaika, akamtaja Hemed Maneti wa Vijana Jazz, safari hii akaacha nafasi. "Tisini!" Mbaraka Mwinshehe? "Sabini na tisa, Mombasa!" Salum Abdallah wa Cuban Marimba? Hapo sauti zilipungua, zikabaki chache za wazee wa meza za ukutani, lakini hazikuyumba: "Sitini na tano." Kijana alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Kwa muda uliobaki alikuwa anataja jina tu na kungoja.

Saa tatu kamili, bendi ikiwa katikati ya wimbo wa taratibu, wa mapenzi ya barua, simu ikalia. Ikalia na ya pili. Kisha meza ya pembeni, kisha yetu, kisha kule mbele, kengele za kila aina, kuku, piano, adhana, baiskeli. Kijana wa mitambo aliruka akidhani spika zimepasuka, akaanza kuzima vitu. Hakukuwa na kilichopasuka. Ilikuwa saa ya dawa za presha. Mikoba ikafunguliwa, vikasha vyenye siku za juma vikatoka, maji ya moto yakapita meza hadi meza, na kwa dakika nzima ukumbi wa dansi ukawa kimya, kila mtu kainua uso juu anameza. Mzee wa pama alimkopesha jirani yake kidonge kimoja. Shangazi, ambaye ustaafu haujamtoa uuguzi, alimpokonya jirani kile kidonge na kuwasomea wote wawili. Halafu bendi ikaambiwa iendelee. "Anzeni pale kwenye barua," alisema mtu.

Sasa nieleze jambo lililonichekesha zaidi kuliko yote, ingawa lilinichukua muda kulielewa. Kila wimbo ulipokaribia mwisho, meza yetu ilikuwa inasema maneno ambayo hayamo katika wimbo. Bendi inaanza kushusha, na Shangazi na mwenzake, kwa sauti tulivu ya kistaarabu, wanasema: "Hii ni Redio Tanzania Dar es Salaam." Wimbo mwingine ukaisha na bwana wa nyuma yetu akatamka, "Saa nne kamili," na haikuwa saa nne. Nilimuuliza mzee wa pama. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri," alisema. "Santuri zetu zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, tukabaki na redio, na huku Bara redio ilikuwa moja." Basi mtu akitaka wimbo wake alikuwa anakaa na kaseti tupu, kidole kwenye kitufe, anangoja utangazwe. Ukitangazwa, anabonyeza. Na mtangazaji, ambaye hajui kuna watu wanaomsubiri anyamaze, anaingia kabla gitaa halijaisha na kusema jina la kituo, au saa, au salamu za wagonjwa wa hospitali. Kaseti ile ndiyo iliyochezwa nyumbani miaka ishirini. Kwa hiyo mtangazaji amekuwa mmoja wa bendi. Mke wa huyu bwana wa nyuma, kwa miaka yote ya ndoa yao, alikuwa anajua wimbo ule unaishia saa nne kamili.

Kutoka hapo niliwahurumia vijana wa jukwaani. Unawezaje kupiga kopi ya wimbo ambao kila msikilizaji ana nakala yake, yenye mkwaruzo wake na mtangazaji wake?

Bibi wa gauni la zambarau alikuja kunichukua wakati huo huo. Hakuniuliza kama najua kucheza. Alinishika kiwiko, akaniinua, tukawa kati. Nyimbo za dansi zina hila ambayo mtu aliyezoea nyimbo za dakika tatu haijui. Zinaanza taratibu, hadithi inasimuliwa, mwimbaji analalamika, unasogea mguu huku na huku, unasema kumbe ndiyo hivi tu. Kisha inakuja chemko. Magitaa yanafungamana, tumba inaamka, waimbaji wanaanza kuitikiana, na wimbo ulioudhani umekwisha ndiyo kwanza unaanza. Jukwaani, bila redio ya kuukatisha, unaweza kufika robo saa.

"Usiruke," aliniambia bibi, mwenyewe akizunguka bila kutoka tone la jasho. "Hapa hatuui nyoka. Kiuno. Mabega yaache nyumbani."

Katikati ya chemko, kigimbi changu cha kushoto kilikaza. Nilisikia kabisa kikijikunja na kuwa jiwe. Nilianguka taratibu, kwa adabu, nikiwa bado nimeshikwa mkono. Bendi haikusimama. Wazee ndio waliosimama, wakanizunguka, na mikoba ikafunguliwa tena. Sikujua kwamba mikoba ya ukumbi ule ni zahanati. Mmoja akatoa mafuta ya mkaratusi. Mwingine akasema mkaratusi hausaidii, akatoa mafuta ya karafuu kutoka Unguja. Wa tatu akatoa dawa ya kuchua yenye picha ya farasi, akaanza kazi bila kungoja uamuzi wa kikao. Shangazi alifika, akanipima mapigo ya moyo kwa saa yake ya mkononi, kisha akawatangazia umma, kwa sauti iliyoushinda muziki: "Hana kitu. Thelathini na nne tu. Ni kukaa ofisini." Watu wa pande zote mbili, Msondo na Sikinde, wakanisikitikia kwa pamoja.

Bibi wa zambarau alinisubiri kidogo, akaona sipati nafuu, akamchukua bwana mwingine wakamalizia wimbo.

Nilirudishwa mezani, suruali imekunjwa hadi gotini, nanukia karafuu. Ndipo ikaja aibu ya kutuza. Mwimbaji alikuwa anapita kati ya meza, na desturi ni kwamba akikugusa moyo unainuka, unamtembelea kwa hatua za kucheza, unambandika noti kwenye paji la uso. Wazee walikuwa wamejiandaa: noti mpya, zilizonyooka, nyingine zimekunjwa kama feni ili zionekane kutoka mbali. Mimi fedha zangu zote zilikuwa kwenye simu. Mwimbaji alisimama mbele yangu akiimba jina la Shangazi ndani ya ubeti wa mtu mwingine, na Shangazi ananitazama. Nikamwonyesha mwimbaji simu. Alikuwa kijana mwenzangu, akaelewa; kati ya mstari na mstari wa wimbo akanitajia namba yake, kwa ghani, bila kutoka kwenye ufunguo.

Nikatuma. Mtandao ukazunguka. Akaimba ubeti, ukazunguka. Akarudia kiitikio, bendi inamfuata haijui kinachongojwa. Hatimaye simu ikalia kwenye mfuko wake wa bugaluu, akaacha kuimba, akaitoa, akasoma meseji, akanipa dole gumba. Hakuna aliyepiga makofi. Kwa macho ya ukumbi mzima, nilikuwa nimekaa na mwanamuziki tunachezea simu. Shangazi alifungua pochi yake, akatoa elfu tano, akaenda kumbandika mwenyewe, kisha akarudi na kuniambia, "Nitakudai." Na amenidai.

Mapumziko yalipofika, mzee wa pama alipanda jukwaani. Walikuwa wamepiga wimbo wa Mbaraka, na kijana wa solo aliupiga vizuri kiasi kwamba nilifumba macho. Nilijua anakwenda kumpongeza. Nikajikokota nyuma yake nisikie.

"Kijana," alisema, "solo yako haina kosa hata moja. Umeipiga ile ya redioni, noti kwa noti."

"Asante, mzee."

"Ndiyo tatizo. Mimi nimemwona Mbaraka ukumbini, Morogoro. Hakuwahi kuipiga hivyo."

Mzee mwingine, wa upande wa Msondo, alidakia kutoka chini. Yeye pia alimwona, Dar es Salaam, baada ya Mbaraka kutoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, na anavyokumbuka yeye solo ilikuwa ndefu zaidi, ilianzia juu. Wa tatu akasema wote wawili wanachanganya na wimbo mwingine. Wakaanza kuzipiga kwa midomo, kila mmoja ya kwake, na kweli zilikuwa tatu tofauti. Kijana wa solo alizisikiliza zote, gitaa limemning'inia. Alikuwa amejifunza ile ya redioni, siku moja kati ya siku zote za mtu yule, akaishika sawasawa. Sasa anaambiwa kwamba siku nyingine zilikuwa nzuri zaidi na ushahidi uko vichwani mwa watu hawa tu.

"Wazee wangu," alisema mwishowe, "niambieni basi mnataka ya lini."

Hawakukubaliana. Walipanga, wakapangua, chai ya tangawizi ikaletwa. Bendi iliporudi, waliomba wimbo ule ule urudiwe. Na kijana yule, sijui ni kwa kuchoka au kwa ujuba, alipofika kwenye solo hakupiga ya redioni, wala ya Morogoro, wala ile ya kuanzia juu. Alipiga ya kwake. Aliizungusha, akaipeleka mahali ambapo hata mpiga besi aligeuka kumtazama. Pande zote mbili za ukumbi zilisimama, na hilo halikuwa limetokea usiku kucha. Mzee wa pama alikwenda mpaka jukwaani, akavua pama, akambandika kijana noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, akaibonyeza vizuri isianguke.

Aliporudi alikaa, akafuta miwani yake. "Amekosea," akatuambia. "Lakini amekosea vizuri."

Saa sita usiku mimi nilikuwa tayari kwa safari. Mguu unauma, macho yanafumba, na nilidhani watu wanaomeza dawa saa tatu wana saa ya kulala. Nilimnong'oneza Shangazi. Akanijibu kwamba bado hawajapiga Neema, wimbo wa Sikinde, na mtu aliyelipa kiingilio haondoki kabla ya Neema. Walipoipiga, akasema sasa lazima tumsubiri mwenzake wa upande ule asikie ya kwake, haki ni haki. Tulitoka saa nane. Ndani ya gari walikuwa wanne, wako macho, wanabishana kama Saboso ulikuwa mtindo wa Western Jazz au wa Kilwa Jazz. Ni wa Western Jazz, nilikwisha kusikia ukitajwa jukwaani, lakini dereva hakuulizwa.

Bendi ile nimeipa alama zake: magitaa nane kwa kumi, waimbaji saba, mavazi kumi kasoro wigi, mshereheshaji arudie darasa. Kinachowaangusha ni midomo ya kupuliza. Wazee wanajitahidi, lakini pumzi zina mpaka, na yule bibi wa saksafoni amesema mwenyewe kwamba hatafanya kazi ya watu bure kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ukimjua kijana anayepuliza tarumbeta, hata kama kajifunzia bendi ya kanisa au ya shule, mwambie Kinondoni kuna nafasi. Atalipwa kidogo, ataombewa dua na mikoba yote ya mafuta, na siku akikosea hatasubiri kuambiwa kesho.